Namna ya Kufuatilia Safari ya Barua ya Ndege ya Miaka ya 1930 Katika Njia ya Imperial Airways na Wilson Airways

Bahasha kuukuu yenye lebo ya buluu iliyoandikwa PAR AVION (Kifaransa, yaani "kwa ndege") na muhuri wa Mwanza, Kisumu, Mbeya au Dar es Salaam wa miaka ya 1930 ni ushahidi wa historia ambao mtu yeyote makini anaweza kuuchunguza mwenyewe, hata kama si mtaalamu wa stempu wala wa ndege. Bahasha za namna hii bado zimo katika masanduku ya familia, katika maduka ya vitu vya kale na katika minada ya mtandaoni. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma moja kati ya hizo mpaka uweze kusema ilipita wapi, ilibebwa na kampuni gani na ilikwama wapi.

Kampuni zinazohusika ni mbili. Ya kwanza ni Imperial Airways ya Uingereza, iliyoanza kazi mwezi Aprili 1924 baada ya kampuni nne ndogo kuunganishwa, na ambayo tangu 1931 ilibeba barua na abiria kati ya London na Afrika ya Mashariki. Ya pili ni Wilson Airways ya Nairobi, iliyoundwa mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson akishirikiana na rubani Tom Campbell Black, na ambayo ilizikusanya na kuzisambaza barua hizo katika miji ambayo ndege kubwa hazikuifikia.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba ratiba iliyochapishwa huonyesha kampuni ilikusudia nini, ilhali mihuri iliyopigwa njiani huonyesha kilichotendeka. Maandishi mengi kuhusu enzi hiyo yamenakili ratiba na mabango ya matangazo, ndiyo maana yanasomeka kana kwamba ndege zilifika kila mahali kwa wakati. Bahasha yako inaweza kuyasahihisha.

Ijue njia kwa vipindi vyake

Huwezi kuifasiri tarehe ya muhuri bila kujua njia ilikuwaje wakati huo, kwa sababu njia ilibadilika mara kwa mara, na kila badiliko liliacha alama yake katika barua. Andika vipindi vifuatavyo pembeni ya daftari lako kabla hujaanza.

Kipindi cha kwanza kinaanza tarehe 28 Februari 1931, siku ambayo barua za kwanza za huduma ya kawaida kuja Afrika ya Mashariki ziliondoka uwanja wa Croydon, London. Huduma ilikuwa ya mara moja kwa wiki, na mwisho wake ulikuwa Mwanza, ambako barua za kwanza zilifika mapema mwezi Machi. Kutoka Cairo hadi Khartoum zilibebwa na ndege za nchi kavu za aina ya Argosy. Kutoka Khartoum kuelekea kusini zilihamishiwa katika ndege za majini za aina ya Short Calcutta, ambazo zilitua juu ya mto Nile na juu ya Ziwa Victoria. Mwanzoni abiria waliishia Khartoum, na barua peke yake ndizo zilizoendelea hadi ziwani. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba babu yake alipanda ndege ya Imperial Airways kutoka London hadi Mwanza katika safari ile ya kwanza, mwombe tiketi.

Kipindi cha pili kinaanza tarehe 20 Januari 1932, barua zilipoanza kupelekwa hadi Cape Town. Mwanza iliachwa kando. Njia mpya ilitoka Kisumu kwenda Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, ikaingia Mpika na Broken Hill, kisha Salisbury, Bulawayo, Johannesburg na Kimberley hadi Cape Town. Abiria walikubaliwa katika njia yote tangu tarehe 27 Aprili mwaka huohuo. Ratiba iliahidi siku 11 hivi kwa safari nzima, na nauli ya kwenda tu kati ya London na Cape Town ilikuwa pauni 130, yaani shilingi 2,600 za Afrika ya Mashariki za wakati ule. Ndege za De Havilland Hercules ndizo zilizoanza kazi kusini ya Kisumu. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na ndege za Atalanta, zenye injini nne, ambazo ziliundwa makusudi kwa viwanja vya nyanda za juu na vya joto kali, ambako ndege nzito hupata taabu kupaa. Tangu mwanzoni mwa 1935 safari ziliongezwa kuwa mbili kwa wiki.

Kipindi cha tatu ndicho kinachowachanganya wengi. Mwezi Juni 1937 Imperial Airways ilihamishia njia yake kuu kwenye ndege kubwa za majini za aina ya Short S.23, zile ambazo majina yake yote huanza na herufi C, kama Canopus, Centurion, Cassiopeia na Corsair. Ndege hizi ziliondoka Southampton, si Croydon tena; zilifuata Nile hadi Kisumu, kisha zikaelekea pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, mji wa Msumbiji, Beira, Lourenço Marques na mwisho Durban. Matokeo yake ni kwamba Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya ziliondolewa katika njia kuu kwa mkupuo mmoja, na Lindi, mji ambao kabla ya hapo haukuwa katika njia kuu, ukawa kituo cha kimataifa. Miji ya bara iliachiwa Wilson Airways, iliyokuwa ikiruka kutoka Kisumu na Nairobi hadi Lusaka kwa kufuata vituo vilevile vya zamani. Bahasha ya Mbeya ya mwaka 1936 na bahasha ya Mbeya ya mwaka 1938 zinaweza kufanana kama mapacha, ilhali zilibebwa na kampuni tofauti katika hatua ya kwanza ya safari.

Vita vilifunga kipindi hicho. Wilson Airways ilisimama baada ya vita kuanza mwaka 1939, na ndege na marubani wake wakaingizwa katika kikosi cha anga cha akiba cha Kenya. Tarehe 1 Aprili 1940 Imperial Airways yenyewe ilimezwa na shirika jipya la umma, BOAC. Italia ilipoingia vitani mwezi Juni 1940 njia ya Mediterania ilifungwa. Ndege za majini zikawa zinaruka kati ya Durban na Sydney kwa kupitia Cairo, na barua kutoka Uingereza zikaletwa kwanza Durban kwa meli. Ukiona bahasha ya mwishoni mwa 1940 yenye alama ya ukaguzi wa vita na tarehe za kupokelewa zilizochelewa kwa wiki nyingi, usitafute ajali. Sababu ni hiyo njia ya kuzunguka.

Usiiharibu bahasha

Usiloweke bahasha ili ubandue stempu. Stempu iliyobanduliwa hupoteza karibu habari zote zinazotafutwa hapa, kwa kuwa thamani yake kwa mwanahistoria imo katika uhusiano wake na muhuri, anwani na upande wa nyuma. Usifute vumbi kwa kitambaa chenye maji, usibandike gundi ya plastiki kwenye mpasuko, wala usiandike juu yake kwa kalamu ya wino. Piga picha pande zote mbili katika mwanga wa mchana usiolenga moja kwa moja, kisha fanya kazi kwa kutumia picha hizo na lenzi ya kukuzia. Kama ndani mna barua, itoe mara moja tu, uipige picha, na uirudishe ilivyokuwa.

Soma upande wa mbele, kisha geuza

Upande wa mbele una mambo manne ya kuandika: mji na tarehe ya muhuri uliofuta stempu, anwani ya mpokeaji, lebo au maandishi ya kuagiza ipelekwe kwa ndege, na jumla ya thamani ya stempu zote. Muhuri wa posta wa wakati ule kwa kawaida ni duara lenye jina la mji juu, tarehe katikati na jina la nchi chini. Mahali pengine wino umefifia. Katika hali hiyo ongeza kidogo ukolezi wa rangi katika picha, lakini andika kwenye daftari ni herufi zipi umeziona kwa uhakika na zipi umezikisia. Tofauti kati ya 1932 na 1937 ni tarakimu moja tu iliyofifia, na kosa hapo hukupeleka kwenye ndege isiyohusika kabisa.

Maandishi ya mkono kama "kwa ndege hadi Kisumu tu" au mistari miwili mizito iliyochorwa juu ya lebo ya buluu ni ya muhimu sana. Mistari hiyo ilipigwa na posta kuonyesha kwamba hatua ya ndege imekwisha na kutoka hapo barua iendelee kwa njia ya kawaida, yaani treni, meli au mtumishi wa posta. Huu ndio ushahidi bora kabisa wa mahali ambapo barua ilishushwa kutoka katika ndege.

Sasa geuza. Nyuma ya bahasha ndiko hupatikana mihuri ya kupitia na ya kupokelea, na wauzaji wengi mtandaoni hawaionyeshi kwa sababu haipendezi macho. Ukiwa unanunua, omba picha ya nyuma kabla ya kulipa. Panga mihuri hiyo kwa tarehe, si kwa mahali ilipopigwa kwenye karatasi. Muhuri wa Nairobi wenye tarehe ya siku moja au mbili baada ya ule wa kuanzia humaanisha kwamba barua ilisubiri hapo kuunganishwa na ndege kubwa. Muhuri wa Cairo au Alexandria hukupa nusu ya safari. Usishangae ukikosa muhuri wa London, kwa maana barua nyingi zilizofika Uingereza hazikupigwa muhuri wa kupokelea, na kukosekana kwake si dalili ya ughushi.

Majina ya miji yatakutatiza kama huna orodha. Broken Hill ya muhuri ni Kabwe ya leo, Salisbury ni Harare, Lourenço Marques ni Maputo. Muhuri wenye neno Tanganyika unahusu bara peke yake; Zanzibar ilikuwa na posta yake, stempu zake na hata fedha zake.

Stempu na hesabu ya fedha

Stempu husaidia pale muhuri usiposomeka. Tangu mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na mwaka 1935 ulitolewa mfululizo wa pamoja wenye majina ya nchi zote tatu na picha za mahali: korongo mwenye taji, simba, jahazi katika Ziwa Victoria, daraja la reli la Jinja, Mlima Kilimanjaro. Kichwa cha Mfalme George wa Tano kimo katika mfululizo huo. Mwaka 1938 picha nyingi zilitumika tena zikiwa na kichwa cha George wa Sita. Kwa hiyo bahasha yenye kichwa cha George wa Sita haiwezi kuwa ya kabla ya 1937, hata kama muhuri unaonekana kusema 1932. Za Zanzibar zina picha ya Sultani Khalifa bin Harub, ambaye alitawala tangu 1911 hadi 1960, basi uso wake peke yake hausaidii sana kupata mwaka.

Kinachosaidia kwa Zanzibar ni fedha. Kisiwani rupia iliendelea kutumika mpaka mwisho wa 1935, ilhali bara lilikuwa limekwisha kuingia katika shilingi ya senti 100. Rupia moja ilikuwa na thamani ya shilingi moja na nusu. Ukijumlisha stempu za Zanzibar za mwaka 1934 na kuzilinganisha na nauli ya barua ya Dar es Salaam bila kuzidisha kwa moja na nusu, utadhani mtumaji alilipa pungufu. Watu wameandika kwa kujiamini kwamba posta ya Zanzibar ilitoza rahisi, na sababu ni hesabu hii tu.

Jumla ya nauli pia hukuambia kipindi. Kabla ya 1937 barua ya ndege ililipiwa ada ya ziada juu ya ada ya kawaida, na ada hiyo ilikuwa kubwa kiasi cha kuwafanya watu waandike kwenye karatasi nyembamba, tena pande zote mbili. Tarehe 29 Juni 1937 Uingereza ilianza mpango uliofuta ada ya ziada katika njia ya Afrika, na barua kutoka Uingereza ya nusu aunsi ikasafirishwa kwa ndege kwa peni moja na nusu. Barua zikafurika. Ndege za S.23 zilikuwa zimeagizwa kwa ajili ya mpango huo, na ghala lao la barua lilikuwa kubwa kuliko la ndege yoyote iliyotangulia katika njia hii. Bahasha ya baada ya tarehe hiyo yenye stempu moja ndogo, isiyo na lebo ya buluu, huenda ilisafiri kwa ndege sawasawa na ile yenye lebo. Usiitupe.

Panga vipande vya safari

Sasa uko tayari kuunganisha. Tuchukue mfano wa kufikirika, bahasha iliyopigwa muhuri Dar es Salaam mwaka 1934 na kuelekezwa London. Mtu wa haraka ataandika "ilibebwa na Imperial Airways kutoka Dar es Salaam hadi London", na karibu kila neno katika sentensi hiyo litakuwa na kasoro.

Ndege kubwa ya Imperial Airways haikufika Dar es Salaam mwaka 1934. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ya Wilson Airways, ambayo ndege zake ndogo zilipita pwani kupitia Zanzibar, Tanga na Mombasa na kuunganisha na Nairobi. Tafuta nyuma ya bahasha muhuri wa Nairobi. Hapo barua ilikabidhiwa kwa Imperial Airways. Hatua ya pili ni Nairobi hadi Kisumu katika ndege ya aina ya Atalanta iliyokuwa ikitoka kusini. Hatua ya tatu ni Kisumu hadi Cairo, kupitia Uganda, Juba, Malakal na Khartoum, kwa kubadilisha ndege njiani. Hatua ya nne si ya ndege kabisa: kutoka Cairo hadi Alexandria barua ilipanda treni. Hatua ya tano ni ndege ya majini, ya aina ya Short Kent, kuvuka Mediterania kupitia Krete na Ugiriki hadi Brindisi, Italia. Hatua ya sita ni treni tena, kutoka Brindisi hadi Paris, kwa kuwa Waingereza na serikali ya Italia hawakuwa wameafikiana kuhusu ndege kuruka juu ya nchi hiyo. Hatua ya saba ni ndege kutoka Paris hadi Croydon.

Kwa hiyo barua ya ndege ya mwaka 1934 ilisafiri kwa treni mara mbili, na katika bara la Ulaya sehemu kubwa ya safari yake ilikuwa juu ya reli. Haya hayakuandikwa kwa herufi kubwa katika mabango ya kampuni, ambayo yalionyesha ndege ya fedha ikiruka juu ya piramidi. Katika daftari lako chora mstari mmoja kwa kila hatua, uandike chombo, kampuni, na ushahidi ulio nao. Tumia alama tatu tu: "muhuri" kwa hatua inayothibitishwa na bahasha, "ratiba" kwa hatua unayoijua kutokana na utaratibu wa wakati huo, na "kisio" kwa yaliyobaki. Mchunguzi mwaminifu huwa na mihuri miwili au mitatu, ratiba nne, na hana haya ya kuandika kisio.

Baada ya hapo hesabu siku. Linganisha idadi yake na ile ya ratiba, na kila siku iliyozidi iwekee swali.

Ajali na ucheleweshaji

Barua zilizochelewa ndizo zenye mengi ya kusema. Viwanja vya Dodoma, Mbeya na Mpika vilikuwa vya nyasi na udongo, na mvua za masika zilitosha kuvifunga. Kwa hiyo tarehe za Machi hadi Mei zichunguzwe kwanza kwa hali ya hewa kabla ya kutafuta sababu nyingine. Hata safari ya kwanza kabisa ya kwenda Cape Town, mwezi Januari 1932, haikufika kwa siku iliyopangwa.

Ajali zilizoandikwa rasmi ni rahisi zaidi kuzifuatilia. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1935 ndege ya majini City of Khartoum, ikitoka Krete, iliishiwa na mafuta ikiwa karibu kabisa kutua Alexandria, ikaanguka baharini. Watu 12 walikufa na rubani peke yake akanusurika. Sehemu ya barua iliopolewa kutoka majini. Bahasha yenye alama ya maji ya bahari, stempu zilizobanduka zenyewe na tarehe ya kutoka Ulaya ya siku za mwisho za Desemba 1935 inastahili kulinganishwa na tukio hilo, lakini alama ya maji pekee haitoshi. Paa lililovuja katika nyumba ya mwenye bahasha huacha madoa yaleyale. Tafuta maelezo ya posta yaliyopigwa kwa muhuri au kubandikwa.

Tukio la Corsair ni la aina yake, na sehemu yake kubwa ilitokea Kongo. Tarehe 14 Machi 1939 ndege hiyo, ikiongozwa na Kapteni Alcock, iliondoka Ziwa Victoria kuelekea Juba. Chombo cha redio cha kutafutia mwelekeo kiliipoteza, mafuta yakakaribia kwisha, na rubani akalazimika kutua juu ya mto mwembamba karibu na Faradje, kaskazini-mashariki ya Kongo ya Wabelgiji. Abiria walitoka salama na barua zikaendelea kwa njia nyingine. Ndege ilikarabatiwa papo hapo, ikaharibika tena ilipojaribu kupaa, na mafundi wakalazimika kujenga bwawa ili kuongeza kina cha maji, kazi iliyofanywa kwa mikono ya wanakijiji wengi wa eneo hilo. Corsair ilipaa mwezi Januari 1940. Barua iliyotoka Durban, Lindi au Dar es Salaam siku chache kabla ya tarehe 14 Machi 1939 na kufika Uingereza kwa kuchelewa sana ina haki ya kutazamwa kwa lenzi mara ya pili.

Tahadhari juu ya bahasha za watoza na majina makubwa

Bahasha nyingi za Februari na Machi 1931, na za Januari 1932, zilitengenezwa na watoza stempu waliotaka ukumbusho wa safari ya kwanza. Dalili zake ni anwani iliyochapwa kwa mashine, stempu zinazozidi nauli, mihuri iliyopigwa kwa unadhifu mno, na bahasha isiyo na chochote ndani. Zilisafiri kweli, kwa hiyo tarehe zake ni ushahidi mzuri wa ndege. Ila hazituambii watu wa kawaida walitumaje barua.

Ujihadhari pia na majina mashuhuri. Wauzaji hupenda kuhusisha kila bahasha ya Nairobi na rubani Beryl Markham au mwindaji Denys Finch Hatton. Finch Hatton alikufa Voi mwezi Mei 1931 katika ndege yake mwenyewe, na kifo chake hakihusiani na huduma ya barua. Campbell Black alikuwa kweli rubani wa Wilson Airways, na mwaka 1931 alimwokoa rubani Mjerumani Ernst Udet aliyekwama katika vinamasi vya Nile. Lakini baadaye aliondoka Kenya, na mwaka 1934 alishinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Australia akiwa na C. W. A. Scott. Bahasha ya Nairobi ya mwaka 1935 haikubebwa naye.

Wasiotajwa katika bahasha yoyote ni wale waliotengeneza viwanja. Vibarua Waafrika walianza kusafisha viwanja vya njia hii tangu 1919, Wizara ya Anga ya Uingereza ilipopima njia ya Cairo hadi Cape. Huko Ndola, katika Zambia ya leo, mamia yao walifanya kazi kwa miezi kadhaa kuondoa vichuguu vya mchwa ili ndege ipate pa kutua. Ukiandika historia ya bahasha yako, andika kiwanja kama mahali palipojengwa na watu, na ukiwa katika eneo husika waulize wazee kilikuwa wapi. Mara nyingi patajulikana.

Nyaraka za kuthibitishia

Anza na Gazeti rasmi la Serikali ya Kenya, ambalo matoleo yake ya zamani yanasomeka mtandaoni. Humo mna matangazo ya posta na ya kampuni zilizoandikishwa. Kwa Tanganyika, nenda Nyaraka za Taifa Dar es Salaam uombe mafaili ya posta na ya usafiri wa anga. Kwa visiwani, nenda Nyaraka za Taifa Kilimani, Zanzibar. Kwa Kenya, Nyaraka za Taifa Nairobi. Beba nakala za picha za bahasha, si bahasha yenyewe, na uwe na tarehe kamili, kwa kuwa mhudumu wa nyaraka hawezi kukutafutia "kitu chochote kuhusu ndege za zamani". Magazeti ya wakati huo, kama East African Standard na Tanganyika Standard, yaliandika mara kwa mara kuwasili kwa ndege ya barua na sababu za kuchelewa kwake. Jarida la serikali la Mambo Leo, lililochapishwa kwa Kiswahili tangu 1923, litazamwe pia, maana lilisomwa na makarani na walimu ambao wenyewe walikuwa watumaji wa barua.

Unapopata habari inayolingana na mojawapo ya siku ulizozitilia swali, rudi kwenye mchoro wako, futa neno "kisio" katika hatua hiyo, na uandike jina la gazeti na tarehe yake. Kisha iweke bahasha ndani ya kifuko cha karatasi isiyo na asidi, mbali na jua na unyevu, pamoja na nakala ya mchoro huo.